Jiko la Florida: Je, mlo huo wafaa bei yake?

Msomaji wangu mpendwa, kabla hujamaliza chai yako ya Jumapili, hebu nikuulize swali. Ukiambiwa kwamba chakula cha jioni cha watu wanne, bila tone la pombe, kitagharimu zaidi ya shilingi 43,000, utasema nini? Bila shaka utataka kujua kama bei hiyo ni pamoja na sahani, uende nazo nyumbani. Nami niliuliza vivyo hivyo. Kisha, katika likizo ya Agosti mwaka 2024, nikaketi kwenye meza hiyo pamoja na mama yangu, dada yangu na mwanangu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama tulikuwa wajinga au werevu.

Nalileta suala hili hapa kwa sababu siku hizi ni nadra kukuta familia ya mjini isiyokuwa na mtu wake Marekani. Kuna shangazi Atlanta, binamu Dallas, kijana aliyeenda kusoma akasahau kurudi. Siku mwaliko unapofika, na watoto wakasikia neno Florida, jambo la pili watakalotaja ni Disney. Nalo la tatu, ambalo hawalitaji wao bali wenyeji wenu wanaotaka kuwafurahisha, ni kula mahali pa hadhi.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe. Walt Disney World, iliyo karibu na mji wa Orlando, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Watu wengi hudhani ni bustani moja yenye kasri na Mickey Mouse. La hasha. Ni ardhi ya takriban ekari 25,000, yenye bustani nne kubwa za burudani, hoteli za kulala zaidi ya 20, maziwa, barabara na mabasi yake yenyewe. Ndani ya eneo hilo utapata soseji iliyotiwa ndani ya mkate kwa kula ukitembea, na utapata pia Victoria & Albert's, mkahawa ulio katika hoteli ya Grand Floridian tangu mwaka 1988, ambao mwaka 2024 ulitunukiwa nyota ya Michelin, ile tuzo ambayo wapishi wa Ulaya hukosa usingizi kwa ajili yake. Mkahawa huo ulipofunguliwa upya Julai 2022, bei ya chini kabisa ilikuwa dola 295 kwa mtu mmoja, kabla ya kinywaji, kodi na bakshishi. Mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kuingia. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "tulikula Disney", muulize ni wapi, maana kati ya soseji na Victoria & Albert's kuna umbali kama wa kutoka Kangemi hadi Karen.

Sasa nikueleze kuhusu mama yangu, kwa sababu bila yeye hesabu hii haina maana.

Kwa miaka 24 mama aliendesha hoteli ya mabati Kariobangi. Nasema hoteli kwa ile maana yetu ya mtaani: meza nne, mabenchi, jiko la makaa, chapati, madondo, chai ya maziwa, na matumbo siku ya Jumamosi. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kukanda unga. Karo yangu ya shule ya upili na ya chuo cha uandishi ilitoka kwenye sufuria zile, na ya dada yangu ya uuguzi vilevile. Mwaka 2019 magoti yalimkatalia akaifunga. Katika miaka yote hiyo, sikumbuki kumwona ameketi mezani akahudumiwa na mtu. Alikula amesimama, akiwa na kikombe mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Hata kwenye harusi yangu tulimtafuta wakati wa kupiga picha tukamkuta nyuma ya hema akiwakaripia wapishi kuhusu chumvi.

Dada yangu, aliye muuguzi huko Orlando kwa miaka tisa sasa, alikuwa na azma moja tu katika ziara yetu. Alitaka mama akae kwenye kiti kizuri, aletewe chakula na mtu aliyevaa nadhifu, aulizwe kama ameridhika. Alikwisha kuchagua mahali. Mimi nilipinga. Kwa majuma mawili tulibishana kwenye simu usiku, mama akiwa amelala chumba cha pili. Nilimwambia pesa hizo zitamnunulia mama dawa za magoti kwa miezi mingi. Naye akaniambia kwamba dawa za mama anazilipia tayari, kila mwezi, na kwamba hakufanya kazi za usiku kwa miaka tisa ili mama aje Amerika ale soseji. Hapo nilikosa jibu, lakini sikukubali.

Kilichonifanya nizidi kukaza shingo ni mkasa uliotupata siku ya tatu ya ziara yetu. Tulikuwa tumeingia katika bustani moja ya burudani huko huko Florida, ambayo sitaitaja, na dada akaamua tule chakula cha mchana katika mkahawa wa ndani, wa aina ile ambapo watu waliovaa mavazi ya vikaragosi hupita mezani kusalimia watoto. Tulikuwa tumetembea tangu asubuhi. Joto la Florida mwezi Agosti, msomaji, si kama la Mombasa lenye upepo wa bahari. Linakukalia begani kama gunia. Kufikia wakati sahani zinaletwa, mwanangu alikuwa amelala fofofo, shavu juu ya meza. Kikaragosi alikuja, akampungia mkono mtoto aliyelala, akaenda zake. Mama alikula vijiko vitatu vya wali akasema una baridi. Bili ilikuwa dola 240 kabla ya bakshishi. Nilitoka pale nimeuma meno.

Lakini nilipotulia jioni ile nikaona kwamba kosa halikuwa la mkahawa peke yake. Tulikuwa tumelipia kiingilio cha watu wanne, na kila dakika tuliyokaa mezani ilikuwa dakika ya kiingilio inayopotea. Mwanangu alitaka kurudi kwenye michezo, mama alitaka kulala, mimi nilikuwa naangalia saa. Hakuna mpishi duniani anayeweza kumridhisha mtu wa namna hiyo.

Hapo ndipo dada alipotoa karatasi yake ya hesabu, nami nakuomba uisome kwa makini kwa maana ndiyo iliyonigeuza.

Tiketi ya siku moja ya bustani ya Disney huanzia takriban dola 119, na siku za msimu hupita 180. Huko mtoto ni wa miaka 3 hadi 9. Mwanangu alikuwa ametimiza miaka 10 mwezi Julai, kwa hiyo kwa Disney ni mtu mzima, kwenye tiketi na kwenye bafe. (Alifurahi sana kusikia hivyo, hadi alipoambiwa basi achangie.) Watu wanne, basi, hawawezi kupita lango la bustani kwa chini ya dola 476. Nasi tulikuwa tumepanga siku mbili za Disney. Dada akasema: tuingie bustani siku moja tu. Siku ya pili tusikanyage bustani kabisa. Tulale hadi tuchoke, kisha jioni twende kula hotelini.

Kwani hili wengi hawalijui: mikahawa iliyo ndani ya hoteli za Disney haihitaji tiketi ya bustani. Unaweka nafasi, unafika, unaegesha gari bila malipo kwa kuwa umekuja kula, unaketi. Mkahawa ulio ndani ya kasri la Cinderella, kwa mfano, ni hadithi tofauti. Ule uko ndani ya bustani ya Magic Kingdom, hivyo utalipa lango kwanza, kisha meza. Watu hulipa mara mbili halafu hulalamika chakula ni ghali. Chakula ni ghali, ndiyo, lakini lango ndilo lililowamaliza.

Basi tukafanya kama alivyosema. Siku yetu moja ya bustani tuliitumia Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na hapo mama alinichekesha. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki, kuta zimechakazwa kwa makusudi kwa mfano wa majengo ya Lamu, na jina lake ni Harambe. Naam, Harambe, yenye "e" moja. Mama alisimama mbele ya kibao akakisoma mara mbili. "Wamekula e moja," akasema, "kama wenyekiti wetu wa zamani walivyokula michango." Watalii waliokuwa karibu walidhani anasali.

Siku hiyo hatukugusa mkahawa wowote. Disney inaruhusu wageni kuingia na chakula chao, mradi isiwe pombe wala chupa za kioo, na kwenye vibanda vingi vya chakula ukiomba maji ya barafu unapewa kikombe bure. Dada alibeba sandwichi, ndizi na mandazi aliyoyapika usiku. Familia inayofanya hivyo kwa siku nzima huweka akiba ya kutosha kabisa.

Kesho yake, saa kumi na moja jioni, tulifika Animal Kingdom Lodge. Hoteli hii ilifunguliwa mwaka 2001, na imejengwa ikizunguka mbuga ndogo za nyasi ambamo pundamila, twiga, nyumbu na wanyama wengine, zaidi ya 200 kwa jumla, wanatembea chini ya vyumba vya wageni. Lakini kwa mtu anayejua Kiswahili, maajabu si wanyama. Ni vibao. Jengo moja linaitwa Jambo House, jingine Kidani Village. Bwawa la kuogelea ni Uzima. Duka ni Zawadi. Mkahawa wa bafe ni Boma, mwingine ni Sanaa, na ule wa kifahari, ambao dada alikuwa ameuwekea nafasi siku 60 kabla, unaitwa Jiko.

Mama aliposoma jina hilo mlangoni alisita. "Jiko?" akauliza. "Nimepanda ndege saa ishirini na zaidi ili nirudi jikoni?"

Dada alicheka hadi machozi yakamtoka. Mimi nilimweleza mwanangu kwamba kwetu mwanamume akioa husemekana amepata jiko, naye akataka kujua kama mhudumu aliyetupokea ameolewa. Tukaingia tukiwa tunacheka, na nadhani hilo lilisaidia, kwa sababu mahali pale pana utulivu unaoweza kumtisha mtu. Juu darini kumening'inizwa maumbo meupe ya ndege wanaoruka, na ukuta wa nyuma una taa zinazobadilika rangi polepole kama jua linatua. Waliobuni walichukua wazo hilo kutoka mwanzo wa filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Mkahawa huo unajivunia mvinyo wa Afrika Kusini, jambo lisilotuhusu sisi tuliokunywa sharubati na maji.

Lakini mama hakuangalia ndege wala taa. Aliona majiko. Kule ndani meko mawili makubwa ya kuni yako wazi mbele ya wateja, na wapishi wanafanya kazi yao mkiwatazama. Mama alibadilishana kiti na mwanangu ili awe anawakabili. Kwa robo saa hakusema neno. Kisha akaanza: yule kijana anageuza nyama mapema mno, yule wa kushoto anajua kazi, huyu anafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa kabla haijatoka, unaona, nilikuwa nikiwaambia wale wasichana wangu hivyo kila siku wakaniona msumbufu. Mhudumu alipokuja, mama hakuuliza chakula kitamu ni kipi. Aliuliza wanatumia kuni za mti gani. Yule mhudumu akarudi jikoni kuuliza, akaleta jibu: mwaloni. Nao wakaanza kuzungumza kuhusu moto, mama kwa Kiingereza chake cha Kariobangi, na nikaona kitu usoni mwake ambacho sijakiona kwa muda mrefu. Alikuwa anaongea na watu wa kazi yake.

Kuhusu chakula chenyewe nitasema ukweli. Kilikuwa kizuri sana. Mama alikula mbavu za ng'ombe zilizopikwa polepole kwa mtindo wa Botswana hadi nyama ikaachana na mfupa yenyewe. Mimi nilikula samaki. Mwanangu alikula nyama ya steki iliyoandamana na makaroni yenye jibini, ambayo anaizungumzia hadi leo. Lakini je, samaki wangu alikuwa mtamu mara kumi kuliko samaki wa kupaka niliyemla Mombasa kwa bei ya kawaida? Hapana. Wala nusu ya mara mbili. Ukienda mahali kama pale kutafuta ladha peke yake, utarudi ukinung'unika, na utakuwa na haki. Sahani kuu moja kwa miaka ya karibuni imekuwa dola 40 hadi 60 na zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya pesa hizo hailipii kilicho kwenye sahani.

Inalipia nini? Nitakueleza nilichoona. Tulikaa saa mbili na nusu na hakuna aliyetupitia akiangalia kama tumemaliza. Mwanangu, aliyekuwa amelala mchana na kuoga, aliuliza maswali ya maana. Dada na mimi, ambao kwa miaka tisa tumekuwa tukizungumza kwa simu yenye kukatika, tulizungumza mambo ambayo hayawezi kuzungumzwa kwa simu. Na mwisho, sahani zilipokwisha, mama alifanya jambo ambalo mikono yake imezoea: alianza kuzipanga moja juu ya nyingine, uma pembeni, akachukua kitambaa chake akaanza kufuta meza. Mhudumu akaja taratibu, akaweka mkono wake juu ya zile sahani, akatikisa kichwa huku akitabasamu. Mama akamwangalia. Kisha akairudisha mikono yake mapajani, akaiacha pale. Dada aligeuka akatazama kwingine.

Bili ilikuwa dola 268. Kodi ya mauzo katika wilaya ile ni asilimia 6.5, ikaongeza dola 17 na senti 42. Bakshishi dada aliweka asilimia 20, dola 53 na senti 60. Hapa nataka nikuonye, msomaji, kwa kuwa sisi huona bakshishi kama hiari ya mtu mwenye moyo mwema. Marekani sivyo. Wahudumu wengi hulipwa mshahara mdogo kwa kutarajiwa kwamba bakshishi itaujaza, na asilimia 18 hadi 20 ni kawaida. Ukipiga hesabu ya mlo huko bila kodi na bakshishi, umejidanganya kwa robo ya bei. Jumla yetu ilikuwa dola 339 na senti mbili. Kwa bei ya dola wakati ule, karibu shilingi 129, ni zaidi ya 43,700.

Kumbuka lakini kwamba lango la bustani siku ile lingetugharimu si chini ya dola 476, bila chakula. Siku yetu ya kifahari ndiyo iliyokuwa nafuu kuliko siku yetu ya kawaida. Hilo ndilo ningependa familia inayopanga safari ilibandike kwenye friji. Mlo wa hadhi ukiwekwa juu ya siku ya bustani ni pesa zilizotupwa: umechoka, mtoto amelala, na akili iko kwenye foleni za michezo. Ukichukua mahali pa siku ya bustani, hesabu inabadilika kabisa. Kwa familia yenye watoto wawili wa chini ya miaka 7, hata hivyo, ningesema wasijisumbue. Watoto hao wataomba chipsi, watapewa chipsi, na wazazi watakula kwa zamu.

Kuna pia njia za kati, na msiwe na haya kuzitumia. Boma, ile ya bafe, ni takriban dola 60 kwa mtu mzima jioni, na kijana mwenye tumbo la mwanafunzi wa bweni ataifanya hasara kwa Disney. Kuna vitamutamu vidogo vyenye mistari kama pundamila ambavyo mwanangu angeishi kwavyo. Wanafunzi mlioko huko kwa masomo, mikahawa mingi ya kifahari ina baa pembeni ambapo huhitaji kuweka nafasi. Agiza kianzio kimoja, keti saa nzima, umeonja mahali bila kuuza simu. California Grill, iliyoko ghorofa ya 15 ya hoteli ya Contemporary, inajulikana kwa kutazama fataki za Magic Kingdom ukiwa juu, na mwaka 2021 ilikuwa ikitoza dola 89 kwa mtu mzima. Lakini fataki hizo hizo unaweza kuzitazama bure ukiwa kwenye mchanga wa ufuo wa hoteli ya Polynesian, ng'ambo ya ziwa. Na popote utakapoweka nafasi, ukibadili nia, ghairi mapema. Usipotokea, hutozwa dola 10 au zaidi kwa kila mtu aliyeandikwa, na huko hakuna cha kumwomba meneja akuelewe.

Mahali ninapopapendekeza kwa moyo mmoja ni pale Sanaa, katika jengo la Kidani Village. Madirisha yake yanatazama moja kwa moja mbuga ya nyasi, na watu wengi huenda kwa ajili ya sinia la mikate ya Kihindi: naan, kulcha, paratha, pamoja na bakuli ndogo tisa za achari, chatini na kadhalika. Ni kianzio, si mlo kamili, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na Jiko, lakini watu wawili wasio na papara wanaweza kushiba. Tulipita pale kabla ya kwenda Jiko, ili kumwonyesha mama twiga. Mama alitazama twiga kwa sekunde tano hivi. Kisha akatazama meza ya watu waliokuwa dirishani. "Ile ni chapati," akasema.

Tulitoka Jiko saa mbili kasoro, giza lilikuwa halijaingia vizuri. Nyuma ya hoteli palikuwa na moto umewashwa, wageni wameuzunguka, na yeyote anaweza kukaa pale bila kulipa senti. Mwanangu alikaa hadi tukamwita mara tatu. Garini mama aliomba ile risiti. Dada alisitasita kumpa. Mama akaiwasha taa ndogo ya juu, akavaa miwani.

"Dola ni ngapi leo?"

"Kama mia na ishirini na tisa, mama."

Akanyamaza. Midomo yake ilikuwa ikisogea, kama zamani alipokuwa akifunga hesabu usiku, sisi tukifanya kazi za shule kwenye meza ya mwisho. Tulikuwa tumepita mataa mawili au matatu aliposema: "Sahani mia sita na ishirini na nne za chapati madondo. Na chai mbili."

Wakati anafunga hoteli, sahani ilikuwa shilingi 70. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nyuma, na nilijua dada, aliyeshika usukani, anajuta kumpa karatasi ile. Nilitaka kusema nilimwonya, lakini sikusema.

"Kwa siku nilikuwa nauza themanini, siku nzuri," mama akaendelea. "Hizi ni siku nane. Nane za mauzo, si za faida." Akaikunja risiti mara mbili akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa, alichokuwa amekibeba hadi Florida. "Kwa miaka ishirini na minne, siku nane si nyingi."

Dada hakusema kitu, ila nilimwona akijifuta kwa kiganja cha mkono. Tulipofika barabara kuu mama alimgusa begani akamuuliza ile hoteli ya chapati, ile yenye twiga dirishani, hufunguliwa saa ngapi.